Mpishi Haketi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika jikoni nikiwa nimelowa ukungu hadi kwenye nyusi. Hoteli yetu ilikuwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na huko juu asubuhi za Juni ukungu unaingia hata ndani ya soksi. Nilitoka Mbulumbulu, nimemaliza darasa la saba, najua kupika makande na kukamua ng'ombe. Aliyenipokea mlangoni ni Mpishi Mkuu, Mnyaturu wa Singida, mrefu, aproni yake nyeupe haina hata doa. Alinitazama miguu, kisha akatazama sinki lililojaa masufuria.

"Binti, unaitwa nani?"

"Martina."

"Sasa sikia, Martina. Hapa kuna sheria moja ambayo sitairudia. Mpishi haketi. Unapika umesimama, unaonja umesimama, unakula umesimama. Viti ni vya wageni."

"Na nikichoka, Mzee?"

"Ukichoka, egemea."

Hakuwa mtu mbaya, na sitaki kijana yeyote anayesoma haya adhani namsema vibaya. Alianzia jikoni kwa masetla, wale Wazungu wa mashamba ya kahawa ya Oldeani, akiwa bado hajaota ndevu, na sheria hiyo alipewa huko. Aliibeba kama mtu anavyobeba imani ya wazazi wake. Yote ninayoyajua kuhusu moto nilijifunza kwake. Jiko letu lilikuwa la kuni, la chuma, lenye pete za kufunika moto juu yake. Ukitoa pete moja moto unaongezeka, ukirudisha unatulia. Alinifundisha kwamba huko juu mlimani maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha, kwa hiyo maharage hupikwa tangu alfajiri, na anayeyaharakisha atawalisha wageni kokoto. Alinifundisha stoki, yaani ile supu ya mifupa inayokaa jikoni kutwa nzima ikisubiri kuwa msingi wa kila sosi. Na alinifundisha kuonja: chovya kijiko, lamba, fikiri, osha kijiko.

Kutoka sinki nilipandishwa kumenya mboga, na hapo nikakwama. Nilitaka jiko. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu wakati ule mwanamke aliyetaka jiko la hoteli alionekana ana wazimu. Nyumbani jiko ni lako hata usipolitaka. Hotelini, penye mshahara, jiko lilikuwa la wanaume.

Kisha mpaka wa Kenya ukafungwa. Magari ya watalii kutoka Nairobi yakakatika, ukumbi ukawa mkubwa kuliko wageni, wafanyakazi wengi wakarudi makwao kulima. Wageni waliobaki walikuwa wa aina nyingine: familia za Wahindi kutoka Dar es Salaam na Arusha, na wataalamu kutoka nchi za Asia waliokuwa wakifanya kazi huku kwetu. Mpishi Mkuu aliwapikia Wahindi kari yake maarufu, ile aliyofundishwa na masetla, yenye unga wa ngano, tufaha na zabibu kavu. Bibi mmoja mwenye sari ya bluu aliionja, akaweka uma chini taratibu, akaomba mkate na chai. Mpaka anaondoka hakula kingine.

Meneja alikuwa kijana wa Moshi, mvaaji wa suti za Kaunda, asiyependa kelele. Alituita ofisini kwake.

"Mzee, itabidi uende Dar es Salaam," alimwambia Mpishi Mkuu. "Nimeongea kwa simu na wenye migahawa, mmoja wa Kihindi na mmoja wa Kichina. Kaa na wapishi wao, ujifunze. Chukua na msaidizi."

"Msaidizi wangu si amerudi Dodoma, Bwana Meneja."

"Nitakwenda mimi," nikasema.

Wakanitazama wote wawili. Meneja alikuna kidevu. "Sawa. Ukirudi unajua kazi, utapewa jiko la pili, upike mwenyewe. Ukirudi hujui, utarudi kwenye sinki. Si kwenye mboga, Martina. Kwenye sinki."

Mtu wa Mbulumbulu akishuka kwenye basi Dar es Salaam anadhani kuna mtu amesahau kuzima jiko. Nilitembea nikijipepea kwa kanga hadi Kisutu, Mpishi Mkuu mbele yangu amevaa koti zito kana kwamba bado tuko Karatu. Mgahawa wa Kihindi ulikuwa wa watu wasiogusa nyama wala yai. Mzee wangu, bila kuambiwa na mtu, alizunguka moja kwa moja kwenda kutafuta mlango wa nyuma. Mimi nilisimama mbele, nikachungulia ndani.

Nilichokiona kiliniudhi. Watu wenye saa za dhahabu walikuwa wakila kwa mkono. Kila mmoja ana sinia la chuma lenye vibakuli vidogo pembeni, na wahudumu wanapita na ndoo ndogo wakiongeza dengu, wakiongeza mboga, mpaka mtu afunike sinia kwa kiganja kuonyesha ametosheka. Na sisi tulikuwa tumemwekea yule bibi visu na uma za aina zote, na kitambaa kilichokunjwa kama kofia ya askofu! Nikaingia, nikavuta kiti.

Mhudumu alinifuata upesi. "Dada, si nyie wapishi wa Ngorongoro? Mlango wenu uko nyuma."

"Leo mimi si mpishi. Leo nina njaa."

"Utalipa?"

"Kwani humu kuna wanaokula bure?"

Akaniletea sinia. Posho yangu ya safari iliishia pale, na sijuti. Maana pale ndipo nilipoelewa jambo ambalo kijiko hakikuwahi kunifundisha. Dengu yao ukiionja peke yake utasema imepooza, mpishi kasahau chumvi. Lakini ukiila pamoja na achari kali na chapati ya moto, unaona kwamba chumvi imeachwa makusudi, kwa sababu imewekwa kwingine. Kijiko kinakuambia habari za sufuria moja tu. Habari za chakula unaambiwa na tumbo, na tumbo linataka ukae.

Nilipokwenda nyuma, Mpishi Mkuu alikuwa amesimama kando ya masufuria, jasho linamtiririka.

"Umetuaibisha," alisema kwa sauti ya chini. "Umekaa mbele kama mgeni."

"Mzee, nimejifunza."

"Hata mimi nimejifunza. Nimeonja kila kitu. Dengu yao haina chumvi. Tukifika tutaongeza."

"Tusiongeze, Mzee."

Akachovya kijiko tena kwenye dengu, akalamba, akatikisa kichwa.

Kesho yake tulikwenda kwa Wachina. Tulifika kabla mgahawa haujafunguliwa, na tuliyoyakuta yalimchanganya Mzee kabisa. Wapishi, waosha vyombo, wahudumu na mama mzazi wa mwenye mgahawa walikuwa wamekaa wote kwenye meza moja ya duara, wanakula. Mpishi wao, mtu mzima mwenye mikono yenye makovu ya moto, alipotuona alivuta stuli mbili.

"Asante, nimeshiba," Mpishi Mkuu alisema. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri.

Mimi nilikaa. Nilipewa bakuli la wali na vijiti viwili, na tonge langu la kwanza la nyama liliruka likatua kwenye chai ya yule mama. Walicheka mpaka mezani pakatikisika, nami nikacheka. Kisha akaletwa samaki mzima, na kichwa chake na macho yake, akawekwa katikati. Sasa mimi ni Mwiraqw, yaani Mmbulu. Wazee wetu samaki walimweka kundi moja na nyoka, na ayo, yaani mama yangu, angeniona pale angenimwagia maji nitakate. Yule mama wa Kichina alichomoa nyama ya shavuni, ile laini kuliko zote, akaiweka kwenye bakuli langu, akangoja. Nikala. Ilikuwa tamu, na nilisema hivyo kwa sauti.

Nikiwa pale nilitazama wanavyokula. Hakuna aliyekuwa na sahani yake ya nyama. Kila kitu kilikuwa katikati, kimekatwa vipande vidogo jikoni, kwa hiyo mezani hapahitajiki kisu. Na kila mtu alimchagulia mwenzake kipande kizuri. Hata kwetu chungu hukaa katikati na ayo hukaa nasi. Ni hotelini tu nilikofundishwa kwamba aliyepika ndiye wa kusimama.

Tulirudi na chupa za sosi nyeusi ya soya na karai la Kichina lenye kitako cha duara. Baada ya muda likaja kundi la madaktari wa Kichina waliokuwa wakifanya kazi kwenye hospitali za mikoani. Meneja akasema jikoni, mbele ya wote, kwamba siku hiyo napika mimi, tuone.

Karai lile halikukaa kwenye jiko letu. Liliyumba juu ya bamba. Nikatoa pete zote, nikalizamisha ndani ya moto wenyewe. Nilikuwa na kabichi na njegere za Mbulumbulu, vitunguu vya Mang'ola, kuku na tangawizi. Nilipika haraka, kuni zikilia, nikamimina kwenye mabakuli makubwa. Nilipogeuka, nilimkuta Mpishi Mkuu kwenye dirisha la kupitishia chakula, amepanga sahani bapa kwa mstari, moja kwa kila mgeni, amekwisha kuweka visu.

"Gawa," alisema.

"Sigawi, Mzee. Yanakwenda yalivyo, yawekwe katikati."

"Wageni hawali kwa kugombania bakuli. Gawa."

"Hawagombanii. Uliwaona mwenyewe kule Dar es Salaam."

"Mimi ndiye Mpishi Mkuu wa jiko hili!"

"Na mimi ndiye niliyekaa nikala!"

Meneja, asiyependa kelele, alikuwa tayari mlangoni. Nililijua sinki lile na ubaridi wa maji yake asubuhi. Nikamwambia, "Bwana Meneja, mkigawa chakula hiki, mwiko wangu wa kupikia huu hapa, nauacha. Sinki nitakwenda mwenyewe, hakuna haja ya kunipeleka."

Meneja alimtazama Mzee, akanitazama mimi, akayatazama mabakuli yanayofuka. "Pelekeni mabakuli," akawaambia wahudumu.

Nilichungulia dirishani. Madaktari walipoyaona waliinuka, nikadhani wanaondoka. Kumbe walikuwa wanasogeza meza zao ziungane. Walipomaliza kula, daktari mmoja mwanamke, mkubwa wao kwa umri, alikuja hadi jikoni kwa miguu yake, akauliza kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Nani pika?" Nikainua mkono. Akanishika mkono huohuo akanivuta ukumbini, akanikalisha kati yao na aproni yangu iliyolowa, akanijazia bakuli. Nikala mbele ya kila mtu. Siwezi kusema sikuogopa, lakini sikuharakisha.

Baadaye Meneja aliniita pembeni. "Martina, jiko la pili ni lako. Lakini kukaa ukumbini usirudie."

"Basi tutakaa jikoni," nikamjibu.

Nilimwagiza seremala wa Karatu benchi refu, nikaliweka karibu na pipa la unga. Tangu hapo, kabla ya kufungua ukumbi, wapishi wa jiko langu walikaa wakala kile watakachokula wageni. Meneja alinung'unika. Waliomfuata walinung'unika pia. Hakuna aliyethubutu kuliondoa, kwa sababu yule bibi wa sari ya bluu alirudi na ndugu zake, akala dengu, akafunika sinia kwa kiganja. Na mimi mwenyewe siku moja nikawa Mpishi Mkuu, mwanamke wa kwanza katika jiko lile.

Sasa nimestaafu, niko Karatu, nalima vitunguu na magoti yananiuma. Vijana wa vyuo vya hoteli huja kuniuliza vipimo vya kari na vya sosi. Nawapa. Lakini kwanza nawaambia wakae wale, na wapo wanaosema, "Bibi, tunachelewa." Hao nawapa vipimo na kuwaacha waende, watapika vizuri, na hawatajua wanapika nini.

Wengine wanadhani nitawasimulia ushindi wangu. Mimi ninachokumbuka zaidi ni siku Mpishi Mkuu alipostaafu. Nilimpikia kari yake ya masetla, na tufaha lake na zabibu zake, kama alivyoipenda. Tulimwekea meza ukumbini, kwenye dirisha la kioo linalotazama kreta, kitambaa cheupe, kiti cha mbele ni chake. Sote tulikaa, hata Meneja. Mzee akaja amevaa koti lake, akaweka mkono kwenye mgongo wa kiti, lakini hakukivuta.

"Kaa, Mzee," nikamwambia. "Leo wewe ndiye mgeni."

"Niache, mwanangu. Miguu hii haijui."

Akachukua sahani mkononi, akageukia kioo, akala amesimama mpaka akamaliza. Wenzangu wakainuka kwa heshima, mmoja mmoja. Mimi sikuinuka. Nililia nikiwa nimekaa. Sikuwa na hasira naye hata kidogo. Masetla walimchukua mtoto kutoka Singida, wakamfundisha kupika vyote walivyovipenda, wakamnyima kiti, naye akawashukuru maisha yake yote. Hilo sijalisamehe, na sina mpango wa kulisamehe.