Shikamoo ya Mama

Uzeeni, mama yake Secilia alipoteza kumbukumbu mpaka akawa anamwamkia binti yake wa kumzaa: "Shikamoo." Secilia hakuwahi kuiitikia. Angeitikiaje?

Baada ya mazishi, muuguzi alimwambia kinga ya uhakika dhidi ya kupoteza kumbukumbu hakuna, ila kutembea, kupunguza chumvi, kukaa na watu na kujifunza mambo mapya huenda vikasaidia. Basi kwenye mazoezi ya kwaya Secilia huenda kwa miguu, akikariri wimbo mpya. Bodaboda wakimwita, huwafokea: "Niacheni na miguu yangu!"

Mwanawe Zabron yuko Dar, hajaja tangu bibi yake azikwe. Kilimani, njia ikiwa tupu, Secilia hufanya zoezi lake jingine la kumbukumbu, kwa sauti:

"Marahaba, Zabron mwanangu."