Wifi Yangu na Mafuta ya Nazi

Mjomba ndiye aliyenitoa shule darasa la tatu, nilipoanza kuanguka kifafa. Alidai povu langu litaambukiza wenzangu. Huyo nilishamsamehe nusu. Wifi yangu bado.

Kliniki moja Mikocheni walikuwa wanapima ubongo wa wenye kifafa kwa nyaya. Huku kwetu Gongo la Mboto tulipata nafasi wawili, mie na jirani yangu, mwalimu wa chekechea, ambaye kifafa chake hakijafika hata miaka minne. Karatasi ya maelekezo nikampa wifi anisomee. Akasema hamna la maana humo, ila nisiende kwa madaktari na kichwa kama kichaka. Akanisuka mwenyewe, akanipaka mafuta ya nazi mpaka masikioni.

Kule kijana wa vipimo akanigusa kichwa, akasita.

"Mama, si tuliandika nywele ziwe zimefumuliwa, zimeoshwa, bila mafuta? Nyaya hazitashika."

Akapimwa jirani peke yake. Mashine ilikuwa ya kuazima, inaondoka siku ile ile.

Nikiwa kwenye benchi nilimsikia kijana akimwelewesha jirani. Ukimwambia mtu jua limechomoza asubuhi hujampa habari, alishajua. Ukimwambia Pugu kumenyesha, hapo umempa. Kompyuta inapima kila sehemu ya ubongo inatoa jipya kiasi gani. Kifafa kikianza, sehemu zinaanza kurudia neno moja kwa pamoja, na wao wanatafuta ni ipi iliyotangulia na zipi zimeifuata.

Mie nimeanguka miaka thelathini na ushee, kwenye jiko, kwenye mtaro. Hakuna aliyewahi kuuliza ni ipi iliyotangulia.

Wiki ya tatu jirani akaja na jibu: kushoto, juu ya sikio. Akawa anapagusa kama mtu mwenye hereni mpya. Nikamwonea wivu mpaka sikio.

Nikamwuliza wifi kama ile karatasi aliisoma.

"Niliisoma," akasema. "Ila nani anaenda ugenini hajasuka? Wangesema kwetu hatukutunzi."

Jirani alijaribu kunifariji, eti labda na changu kinaanzia hapo hapo. Nikamwambia hicho ni chake.

Mwezi jana akaanguka uani kwetu. Nikamlaza ubavu, nikamshika pale juu ya sikio mpaka akatulia. Watu wakauliza mbona pale. Nikawajibu ndipo kinapoanzia.

Mie nikianguka, hawajui wanishike wapi.