Mashine Niliyoiita Kavira

Jamani, kuna aibu ambazo hata ukiziosha hazitoki. Mimi hadi leo nikisikia mbuzi analia mahali, iwe sokoni, iwe uani kwa watu kule Kasungami, masikio yananiwaka moto, na wenzangu wa kazini wanalijua hilo, kwa hiyo wakitaka kucheka wananililia kama mbuzi. Acheni niwaeleze mwenyewe ilivyokuwa, maana nyinyi mmesikia vipande tu, na anayevisambaza ni Ilunga, ambaye ulimi wake hauna breki.

Kazi yangu ni kulinda diski. (Mama yangu kule Kilwa, ile ya ziwa la Mweru siyo ya pwani, bado anawaambia watu kwamba natengeneza televisheni, nimechoka kumsahihisha.) Kampuni yetu ni ya bohari na usafirishaji, ofisi ziko Makomeno, na ndani ya seva zetu mnaishi mashine nyingi ambazo hazina mwili, huwezi kuzigusa, sisi tunaziita VM. Fikirieni parcelle moja, yaani kiwanja cha nyumba, yenye wapangaji wengi na bomba moja la maji uani: kila mpangaji ana chumba chake na mlango wake, lakini maji wote wanachota palepale. Wapangaji ndio zile VM, bomba ndiyo diski, na mimi ndiye wa bomba. Ilunga ndiye wa wapangaji. Mmoja akichota kupita kiasi wengine wanangoja, kazi ya ofisi nzima inakuwa nzito, halafu Ilunga anasema bomba langu ni bovu, mimi nasema wapangaji wake ni walafi, na ndivyo tulivyoishi miaka yote, tukigombana na kula pamoja.

Ili nisionewe, niliweka mashine ya kuangalia. Nayo ni VM kama zile nyingine, ila kazi yake ni kupita kwa wapangaji wote kila baada ya dakika chache ikiuliza, umechota kiasi gani, umengoja muda gani, na majibu inayaandika na kuyachora kwa mistari. Ofisini kwetu mashine zinapewa majina ya mito: Lufira ni ya fakturi, yaani ankara, na hati za kutoa mizigo, Luapula ni ya mishahara. Ya kwangu niliiita Kavira, kwa sababu wakati ule nilikuwa nampenda Kavira kiasi kwamba hata mto wenyewe ningeuita hivyo.

Na mimi ni mtu wa ndoto, siwafichi. Nje ya dirisha letu kuna jacaranda, ikifika wakati wa maua yanaanguka polepole, zambarau tupu, hadi chini pote panabadilika rangi, na mimi nimekaa, mistari ya bluu inapita kwenye skrini, na moyo unarudi Kilwa, asubuhi, ziwa la Mweru limetulia na hakuna mtu aliyeamka. Naweza kukaa hivyo hadi chai inapoa. Kavira mwenyewe (msichana sasa, siyo mashine) aliwahi kuniuliza kwenye simu kama ninafanya kazi au ninalala macho wazi. Nilimuuliza kwa nini hakujibu ujumbe wangu wa asubuhi, na ule wa baada ya asubuhi. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyechoka, nami sikukisikia.

Sasa, baba yake. Papa Kambale anatoka Kivu ya Kaskazini, ni mfanyabiashara wa jumla, mtu wa kanisa, malori yake yanapakia kwenye bohari yetu. Jumamosi ile familia yangu ilikuwa iende kwake kuongea maneno ya ndoa, na baba mdogo alikuwa tayari yuko njiani kutoka Kilwa (na anayeijua barabara ile anajua kwamba ukishatoka hurudi nyuma). Lakini Papa Kambale alikuwa bado hajakubali kutupokea. Alimuuliza binti yake, "Huyu kijana eko nafanya kazi gani?" Kavira akamjibu ukweli, kwamba naangalia mistari. Papa akauliza, "Anaiangalia ili ifanye nini?" Hilo Kavira akamwambia aniulize mimi, na papa akasema siku ya kupakia malori atapita ofisini kuona kwa macho yake, ndipo atoe neno.

Siku yenyewe nikavaa shati la harusi za watu na kufika mapema. Nikaitazama mistari yangu, nikaona inapanda na kushuka kwa vipande, kama ngazi iliyojengwa na fundi mlevi. Nikajiuliza, hii ndiyo nimwonyeshe papa? Nilitaka itiririke. Basi nikafanya kitu kidogo, vibofyo viwili tu: nikaiambia Kavira isisubiri tena dakika, iwaulize wapangaji wote kila sekunde na kuandika kila jibu, halafu nikaitoa kwenye diski za zamani nikaihamishia kwenye zile nzuri, za mbio, alikokuwa Lufira. (Balaa lote la kompyuta huanza na mtu aliyesema ni kitu kidogo.) Na mistari ikatiririka, wallahi, laini, bluu, maji matupu. Nilikaa nikaiangalia mpaka nikasahau kwamba nina mgeni.

Papa Kambale akaja, kofia mkononi. Nikamkalisha kwenye chumba cha mikutano mbele ya skrini kubwa ukutani. Aliifuata mistari kwa macho, kutoka ukingo hadi ukingo. Hata akasema, taratibu, "Ni muzuri." Nikaona ndoa hiyo imeshafungwa, nikaona watoto, nikaona mpaka majina yao.

Hapo mlango ukafunguka, Ilunga, ametoka mbio kwenye dirisha la kutolea hati. "Chola, disque yako inakufa. Ku guichet hakuna hata papier moya inatoka."

"Si disque," nikamwambia, huku nikitabasamu kwa ajili ya mgeni. "Ni moya wa bapangaji yako, shi unabajua."

Nyuma yake akaingia Mama Odette, mkurugenzi wetu, na nyuma ya Mama Odette madereva, na kati ya madereva wale walikuwemo wa Papa Kambale, malori yamejaa, yamesimama uani kwa sababu Lufira hatoi hati ya kutokea. Mama Odette hapendi kelele, yeye huongea polepole, na hiyo ni mbaya zaidi. "Papa Chola, batu beko banangoya. Ni nani anazuia kazi?"

Ningeweza kusema, mama, nipeni nafasi niangalie. Lakini baba mkwe alikuwa ananitazama, na nilikuwa nimevaa lile shati. Nikasimama, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi uani, "Mashini ile inaonea bengine, nitabaonyesha sasa hivi, na hata ikiwa ya nani, nitaizima mbele yenu."

Nikafungua orodha ya wanaochota sana. Chini kabisa Lufira, maskini, anangoja tone. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa, nyekundu, upana wa ukuta: KAVIRA.

Papa Kambale akavaa miwani. Akasoma, akaivua, akaifuta, akasoma tena. "Kavira. Huyu ni Kavira wa nani?"

Kuna watu wangenyamaza. Ilunga akasema, "Ni mashini ya Chola, papa. Ye mwenyewe njo aliipa jina."

Dereva mmoja nyuma akamnong'oneza mwenzake kwamba basi huyo Kavira ndiye anamaliza maji ya watu wote, na mnong'ono wa dereva mnaujua ulivyo. Mama Odette akaniambia tu, "Uizime."

Nikabofya. Skrini ikaniuliza, kwa Kifaransa cha heshima, kama kweli ninataka kumzima KAVIRA. Nje maua yalikuwa yanaanguka kama kawaida yake, nami nikayaangalia, nikatamani niwe mmoja wao, nianguke tu, nifagiwe. Papa Kambale akasema, bila hasira, "Jibu, kijana."

Nikajibu ndiyo. Na kwa kuwa diski ilikuwa imezibwa na mimi mwenyewe, lile swali likabaki palepale ukutani, nikabofya tena, na tena, mbele ya baba yake, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mwishowe skrini ikawa nyeusi, na kule guichet printa zote zikaanza kuimba kwa pamoja. Madereva wakapiga makofi. Papa akachukua kofia yake, akaenda kwenye malori yake bila kuniaga.

Jioni Kavira akanipigia. "Papa anasema umenizima mbele ya batu." Nikamweleza yote, hata ile ya kila sekunde, nikamwomba anisamehe. Akasema hajui papa atajibu nini, anaomba hadi Jumamosi nisimwandikie, hata neno moja. Zile siku sijui nilizipitaje, simu nilimpa Ilunga anifichie.

Jumamosi baba mdogo akafika, vumbi hadi kwenye nyusi, nikashindwa kumweleza. Tukaenda hivyohivyo. Papa Kambale alitufungulia geti mwenyewe, akatukalisha, akasali, kisha mbele ya wazee wote akaniuliza, "Ile mashini, kwa nini uliiambia iulize kila sekunde?"

"Papa, nilitaka kuona vizuri."

"Ukaona?"

"Hapana, papa. Sikuona kitu."

Akaitika kwa kichwa. "Basi na mutoto wangu, umuache apumue." Kutoka nyuma ya pazia nikasikia mtu anacheka, na safari hii kicheko hakikuwa cha uchovu. Kisha papa akawageukia wajomba zangu tuliokuja nao, akasema mbuzi wa mahari wabaki walewale wa desturi, ila waongeze mmoja wa amende, yaani faini, kwa sababu jina la binti yake liliandikwa kwa wekundu mbele ya madereva. Baba mdogo akanigeukia, akauliza madereva gani. Ilibidi nisimulie yote, nimesimama.

Mashine bado ipo. Imerudi kwenye diski zake za zamani, inauliza kila baada ya dakika chache, na mistari inaruka ngazi ngazi, mbaya kuitazama, lakini hati zinatoka. Ilunga aliipa jina jipya, Mbuzi, nami sikuwa na uso wa kukataa. Na nimejiapia: kitu nikikipenda nitakiangalia mara moja, halafu nigeukie dirishani. Kavira, mke wangu, anasema siku hizi yeye ndiye anayenitafuta kwenye simu.