Nyumba Iliyoota Mpunga

Wakati ule wa vita, mimi, mume wangu na mama yangu mzazi tulipanga chumba kimoja Nyamianda, na ndani ya chumba hicho mlikuwa na vita vingine. Kwetu mkwe na mama mkwe wake hawasemezani ana kwa ana. Ni heshima, na sina neno nayo, ila heshima hiyo inahitaji nafasi. Mama alikaa pembeni akiangalia ukuta, mume wangu naye akaangalia mlango, na mimi katikati nikawa posta.

"Umuambie mukwe yangu, usiku iko anakoroma," mama aliniambia.

"Umuambie mama nimesikia," mume wangu akajibu, naye yuko palepale.

Ilibidi tujenge. Kiwanja tulikuwa nacho, nyumba ya kwanza ilikuwa imeteketea. Mume wangu alikuwa mwalimu, shule imefungwa, na kwa kukosa wanafunzi akaanza kunifundisha mimi. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya ujenzi parokiani, akarudi kama mtu aliyeokoka. Tofali la kuchoma hataki hata kulisikia.

"Kila tanuru iko inakula mulima," alisema. "Angalia kule juu, milima imebakia upara. Mvua ikinyesha, udongo yote inakuja kulala kwetu."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Tena, hakuna aliyethubutu kupanda kukata kuni. Huko juu kulijaa watu wa bunduki, na kila kundi lilikuwa na mawazo yake kuhusu nani anaruhusiwa kubeba shoka. Saruji nayo tuliisikia tu kwa majirani.

Basi tukafyatua matofali ya udongo wa kiwanja chetu wenyewe, tukayakausha juani. Majirani waliyaita mikate isiyoiva. Ukuta ungekandikwa kwa tope, mavi ya ng'ombe na makapi ya mpunga, ili usipasuke. Mavi yalipatikana kwa wafugaji walioshuka na ng'ombe wao kutoka milima ya juu, wakimbizi kama sisi. Walimtazama mume wangu akifuata mkia wa ng'ombe na ndoo mkononi, uso umejaa matumaini.

"Mwalimu," mmoja alimuuliza kwa huruma ya kweli, "njaa imefika hapo?"

Makapi ndiyo yaliyotuletea msiba. Mama alikuwa amekimbia kutoka Lubarika bonde lilipochafuka. Wenzake walikimbia na masufuria na magodoro, yeye akaja na gunia la makapi kichwani. Kila kizuizi alichopita, wenye bunduki walichungulia gunia, wakacheka, wakamwachia njia. Na sisi tulicheka. Hatukujua kwamba katikati ya makapi yale amefukia mbegu ya mpunga wa shamba lake, mbegu aliyoachiwa na mama yake. Maghala ya bondeni yalikuwa yamezolewa yote, mbegu nyingine haikuwepo. Siku bunduki zitakaponyamaza, alitaka kurudi kuipanda. Hakutuambia, kwa sababu mume wangu ni mtu mwema sana lakini kifua cha kutunza siri hana. Alichosikia asubuhi, mchana kiko sokoni.

Mama akaenda Makobola kwenye matanga. Kabla ya kuondoka akaniagiza, "Umuambie mukwe yangu, ile kiroba yangu asiiguse." Nikapeleka ujumbe. Mume wangu akaitikia kwa kichwa.

Ukuta wa mbele ulipofikiwa, makapi yakaisha. Mashine ya kukobolea ilikuwa imelala kwa kukosa mazut ya kuendeshea injini. Mimi nilikuwa ziwani nafua. Mume wangu akaliangalia lile gunia, akajisemea ni makapi tu, mama tutamrudishia mengine, akalimwaga lote kwenye shimo la tope. Alikanyaga tope hilo huku akiimba nyimbo za kanisani, macho ameyafumba.

Tukahamia. Mvua ikaanza. Siku si nyingi ukuta wa mbele ukawa kijani. Mume wangu alisema ni ukungu. Ukungu ulipoota majani, alisema ni dalili ya udongo wenye afya. Mbuzi wa jirani hakuhitaji maelezo. Nilimkuta amesimama kwa miguu ya nyuma, anakula nyumba yangu karibu na dirisha. Wenzangu walilinda nyumba zao zisiporwe, mimi nikashika fimbo kulinda yangu isilishwe. Nilimtukana mbuzi, nikamtukana na aliyenioa.

Mama akarudi. Alisimama mbele ya ukuta, akachuma jani, akaling'ata.

"Kiroba yangu iko wapi?"

Nikafungua mdomo ili nipeleke ujumbe, kama kawaida. Akanipita.

"Weye! Mukwe! Ile ilikuwa mbegu yangu! Miye nilificha mbegu mu makapi, sababu muntu ya bunduki hawezi iba makapi! Sasa nitapanda nini?"

Mume wangu akapiga magoti. "Mama, nilizani ni makapi tu."

Mama akaketi chini akalia. Iliniuma sana, kwa sababu ardhi ya Lubarika haikuwa imeibwa na mtu, lakini bila mbegu ile angerudi kufanya nini? Alilia hadi akachoka. Kisha akainua macho, akautazama ukuta tena, safari hii polepole. Mpunga huoteshwa kwanza kitaluni, ukisongamana, halafu hung'olewa ukapandwa. Na kitalu chenye samadi nzuri kama kile hakuwahi kukiona.

"Muniletee maji," akasema. "Tuloweshe nyumba."

Tukalowesha nyumba. Tukachomoa miche kwa vidole, mmoja mmoja, ukuta ukabaki na ndui. Tukaipeleka kwenye kinamasi karibu na ziwa, mahali ambapo hakuna aliyetaka kujenga. Mume wangu alikunja suruali, akapanda mistari iliyopinda kama mlevi anayerudi nyumbani, na miche mingine akaipanda kichwa chini.

"Weye mwalimu! Mizizi inaendaka chini! Chini!"

Na mama akacheka. Alicheka ameshika kiuno kwa mikono ya tope, mpaka ikabidi aniegemee. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu alipokimbia, nilidhani kimebaki bondeni pamoja na kaburi la baba. Nikainama karibu na mume wangu, nikajifanya nachukua miche, nikamnong'oneza tafadhali aendelee kukosea.