Diski ya Nafasi ya Nne

Alhamisi ile nilitoka chumbani bila kujua ninakokwenda. Mkataba wangu wa ulinzi ulikuwa umekwisha, kampuni nyingine ilikuwa bado haijaniita, na nilikuwa nimechoka kukaa Sanaiya, kama tunavyoliita hapa Qatar lile eneo la viwanda, nikiwatazama wenzangu watano wakilala baada ya zamu. Niliweka shuka, suruali mbili na chaja kwenye begi. Ndiyo tabia yangu kila ninapotoka. Sijawahi kuwa na hakika kwamba nitarudi nilikotoka. Nikapanda basi la kwanza lililosimama, na nikashuka Abu Hamour kwa sababu tu kiyoyozi cha basi kilikuwa kinanipiga kichwani.

Mbele ya duka la kupokelea mizigo alisimama mtu wa makamo, kanzu imekunjwa mikono, ameegemea gari na kukumbatia boksi kubwa la karatasi ngumu. Alikuwa akizungumza na simu kwa Kiswahili cha Unguja.

"Wameniletea, ndiyo. Lakini nnakwambia sijui hata linaanzia wapi kufungwa."

Alipokata simu nilimsalimu, nikamuuliza ndani ya boksi mna nini. Wengine wangepita. Mimi niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijawahi kupita kitu kilichofungwa bila kutaka kujua kilichomo.

"Ni kasha la kuhifadhia picha," akasema. "Unalitia diski ndani, unaliunganisha na ruta, kila kompyuta ya nyumbani inaona. Hata diski moja ikifa, kazi haipotei. Wewe fundi?"

Nilimwambia kwamba kwa mwaka mmoja na nusu nililinda mlango wa chumba cha kompyuta kubwa kwenye jengo moja la ofisi. Ulikuwa mlango wa kioo. Nilikuwa nikiwatazama mafundi wanavyosukuma diski kwenye nafasi zake, zile taa zinavyobadilika kutoka manjano kuwa kijani, na nilikuwa nikiwauliza maswali wakitoka kunywa chai. Kila neno nililomjibu lilikuwa la kweli. Swali lake hasa ndilo ambalo sikulijibu.

"Basi ingia garini, mdogo wangu," akasema. "Mungu kakuleta."

Njiani alinieleza. Siku za kazi alikuwa dereva wa familia moja, ambayo wiki ile ilikuwa safarini. Siku za mapumziko yeye na mkewe walipiga video za harusi za watu wetu, Watanzania na Wakenya wa pwani. Yeye upande wa wanaume, mkewe ukumbini kwa wanawake. Upande wa wanaume haukuwa na shida. Upande wa wanawake ulikuwa na sheria zake: wamevua mabuibui, wamepambwa, wanacheza, kwa hiyo picha zile hazitumwi kwa simu, haziwekwi kwenye mtandao, hazinakiliwi. Mkewe alikuwa ameahidi hivyo kwa kila bibi harusi. Kazi zote za miaka miwili zilikuwa kwenye diski moja, nayo haikuandikwa chochote juu, makusudi, ili mtu akiiokota asijue ni ya nini.

"Sasa anaogopa," akasema. "Diski moja ikianguka je? Na Jumamosi kuna bibi harusi wetu mmoja anasafiri kwenda Pemba, likizo yake ya kwanza tangu aolewe hapa. Mama yake yuko kitandani, hakuiona harusi ya mwanawe hata picha moja. Binti hataki kuitia kwenye simu. Kesho mke wangu anamtolea nakala yake, aibebe mkononi, amwekee mama yake. Hiyo ndiyo ruhusa pekee iliyotoka."

Nilimwonea wivu huyo mama kidogo, kwamba kuna kitu anabebewa mkononi mpaka kitandani kwake.

Walikuwa wakiishi kwenye vyumba viwili vya nyumba kubwa iliyogawanywa kwa mbao. Mkewe hakuwepo. Tangu saa tatu alikuwa ukumbini akipiga maandalizi ya harusi nyingine, na kwenye kumbi za wanawake simu zinakusanywa mlangoni, hata za wapiga picha, kwa hiyo mpaka shughuli iishe hakuna wa kumpata.

Tulifungua boksi juu ya zulia. Kasha lilikuwa jeusi, zito, na mbele lilikuwa na nafasi nne kama droo ndogo. Alikuwa amenunua diski mpya tatu. Nilizikaza kwa skrubu kwenye vitako vyake, nikazisukuma moja moja, na kila moja iliingia kwa ule mlio mdogo niliokuwa nikiusikia nyuma ya kioo. Nilichomeka kebo kwenye ruta. Taa tatu zikawaka. Nafasi ya nne ilibaki giza.

Ingefanya kazi hivyo hivyo. Nilijua. Kitabu chake chenye picha kilionyesha wazi kwamba tatu zinatosha. Lakini kule kazini sikuwahi kuona nafasi tupu; safu nzima ilikuwa kijani, na lile giza lilinikera kama jino lililong'oka.

"Huna diski nyingine?" nikamuuliza.

Alifikiri. "Ziko mbili kabatini mwa shemeji yako. Moja tupu, nilimnunulia mwezi uliopita. Ya pili ndiyo yenye kazi."

Akazileta. Zilifanana kama mayai. Zote hazina maandishi, zote zimefungwa kwenye vitambaa vya kufutia lenzi.

"Tupu ni ipi?"

"Hapo ndipo sijui."

Mezani, kando ya kompyuta ya mkewe, palikuwa na kitako cha kuchomekea diski. Dakika moja ingetosha. Nilikinyooshea kidole. Akatikisa kichwa.

"Tukiichomeka tu, yanatokea mapicha yenyewe kwenye kioo. Mimi mwenyewe, mume wake, sijawahi kuifungua. Na wewe ni mgeni."

"Basi tumsubiri."

"Tungemsubiri," akasema, kisha akatabasamu. "Lakini ningependa akirudi alikute limesimama, linawaka. Amelilia kasha hili mwaka mzima."

Tukakaa tunazitazama. Wanaume wawili wazima, na kitu ambacho tungeweza kukijua kwa dakika moja tukawa tunakikisia kwa staha. Nilimuuliza zilikuwa zimekaaje kabatini. Moja mbele, karibu na mkoba wa kamera, nyingine nyuma kabisa chini ya mataulo.

"Ya kazi atakuwa anaiweka karibu," nikasema. "Anaitumia kila wiki. Ya nyuma ndiyo tupu."

"Maneno hayo," akasema. Akanipa ya nyuma.

Niliiingiza. Kwenye kompyuta likatokea onyo kwamba vyote vilivyomo kwenye diski zote nne vitafutwa. Nilimsomea. Tulitazamana, naye akasema bismillahi, nikabonyeza. Taa ya nne ikawaka manjano, ikapepesa, ikawa kijani. Sikumbuki kazi nyingine niliyoifanya nchi hii iliyonifurahisha kama ile taa. Kioo kikaandika kwamba kasha linajiandaa, asilimia sifuri, na litachukua saa nyingi.

Tulikula wali na samaki wa kukaanga. Tuliswali. Alinieleza habari za Unguja, nikamweleza miji niliyopita, na kila nikipita karibu na meza nilitupia jicho: kumi na mbili, ishirini na tisa, arobaini na moja.

Mkewe alirudi magharibi, amechoka, ana mikoba miwili ya kamera begani. Aliliona kasha likiwaka na akaketi palepale sakafuni mbele yake, na buibui lake. Aliligusa kwa kidole.

"Nyinyi," akasema. "Nyinyi kweli watu wazima."

Mumewe akacheka. Akamtambulisha fundi, yaani mimi, na yeye akanishukuru kwa maneno ambayo sikuyastahili hata kabla ya kilichofuata. Kisha akainuka kwenda chumbani kuweka kazi ya siku ile. Tulimsikia akifungua kabati.

Alipotoka alikuwa ameshika diski moja.

"Hii ndiyo mpya," akasema. "Ya nyuma iko wapi?"

Mimi nilinyoosha kidole kwenye nafasi ya nne.

"Niliificha nyuma kwa sababu ndiyo yenye kazi," akasema taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. "Kitu kinachofichwa si ndicho chenye thamani?"

Kioo kiliandika hamsini na mbili. Nilivuta diski ikiwa bado inazunguka; niliisikia ikitetemeka kiganjani. Kasha likaanza kulia, pi, pi, pi, na hakuna kati yetu aliyejua linanyamazishwaje. Nilibonyeza kila kitufe. Mwishowe mume alichomoa waya ukutani.

Mkewe aliichomeka ile diski kwenye kompyuta yake, amekigeuza kioo tusione. Hapakuwa na cha kuficha. Kompyuta ilisema diski haijulikani, ikamuuliza kama anataka iandaliwe.

"Usibonyeze," nikasema.

"Sasa ndiyo unajua kusema usibonyeze," akajibu. Hakupaza sauti. Alinipa maji, akaniwekea mto sebuleni, na mlango wao ukafungwa.

Ijumaa asubuhi tulikwenda Al Wukair, kusini mwa jiji. Maduka ya kuokoa diski yapo, lakini mafundi wake ni wanaume, na ili ujue ulichokiokoa lazima ukitazame. Shemeji alimjua Mkenya mmoja, mwanamke wa kazi za kompyuta ofisini, aliyewahi kumtengenezea mashine yake. Alikuwa Mkristo, hata hivyo alisikiliza masharti yote kwenye simu bila kuuliza kwa nini, akasema tu tuje kabla hajaenda kanisani, maana hapa ibada yao kubwa ni Ijumaa, siku ya mapumziko.

Wanawake waliingia ndani na diski. Sisi tulibaki garini, mbele ya majengo mapya ya rangi ya mchanga na viwanja ambavyo bado vilikuwa mawe matupu. Mume aliwasha gari kwa ajili ya kiyoyozi, akalizima akihofia mafuta, akaliwasha tena. Nilitazama mlango ule kama nilivyokuwa nikiutazama wa kioo, tofauti ni kwamba huu haukuonyesha kitu.

Baada ya saa nzima yule Mkenya alitoka peke yake, amevaa gauni la kanisani na ndala. Aliinamia dirisha langu.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Hebu niambie. Si ungechomeka uangalie tu nafasi iliyobaki? Hiyo namba peke yake. Unaweka karatasi juu ya kioo, unaacha kona moja. Huoni picha ya mtu yeyote."

Sikuwa nimefikiria hivyo. Mpaka leo, katika yote niliyowahi kuambiwa, ni hilo linalonirudia nikiwa nanawa uso au nasubiri basi. Karatasi, na kona moja.

"Sikujua, dada," nikasema.

"Pole basi." Alinieleza kwa upole, kwa sababu nilimwomba. Kasha likijiandaa, zile diski tatu linazisoma tu. Ile ya nne ndiyo linayoiandika upya, kuanzia mwanzo, linasonga mbele bila kuruka. Nusu ya mwanzo haipo tena, hakuna wa kuirudisha. Nusu ya pili ingeweza kupatikana vipande vipande, bila majina, kwa siku nne au tano za kuchambua, na shemeji angekuja kutambua kila uso.

"Na harusi ya yule anayesafiri kesho?" akauliza mume.

"Mke wako anasema ndiyo ilikuwa ya kwanza kwenye diski."

Shemeji alikuwa ametoka, amesimama kivulini, simu sikioni. Tulisikia upande wake tu. Alisema jina la Mungu, akaeleza, hakumtaja mumewe wala hakunitaja mimi, alisema "nimeharibu." Kisha akasikiliza muda mrefu. Mumewe alishuka garini, akaenda kusimama karibu naye, na mikono yake haikujua pa kukaa. Simu ilipokatika shemeji alitwambia alichoulizwa. Binti alikuwa ameuliza tu kama kuna hata picha moja ya kipande cha gauni, kisha akasema basi, atamsimulia mama yake kwa mdomo.

Nilitoa begi langu kwenye gari. Nilisema nitabaki Al Wukair, ili kazi ikiisha niwapelekee diski mwenyewe, wasihangaike kuja. Mume alisema hakuna haja. Shemeji alinitazama kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Mwache abaki," akasema. "Kurudi pamoja hatutaweza."

Halikuwa tusi. Ulikuwa ukweli, na aliusema kwa sauti ya mtu aliyechoka. Walipoondoka nilitembea mpaka kwenye duka la mboga, ambapo karatasi mlangoni ilitangaza kitanda cha kupanga. Mwenye nacho alikuwa Mganda, mlinzi wa jengo la pili, na alinipeleka huku akitafuna njugu.

"Unakaa siku ngapi, ssebo?" akauliza, yaani bwana kwa lugha ya kwao.

"Nne. Au tano."

"Una kazi huku?"

"Kuna kitu nasubiri kiishe."

"Hapa Qatar sote tunasubiri kitu kiishe," akasema, akacheka mwenyewe.

Chumba kilikuwa na vitanda vya ghorofa vitatu na dirisha lililobandikwa karatasi ya fedha kuzuia jua. Alinionyesha cha juu, msumari wa kuning'iniza begi, na soketi moja inayofanya kazi. Nilitandika shuka langu. Nilichomeka simu nikaiweka karibu na kichwa, sauti juu, ingawa nilijua kwamba yule Mkenya akipiga, hata iwe lini, haitakuwa habari ya harusi ya kwanza. Ilikuwa inakaribia saa sita mchana. Nje waliadhini, na nikashuka kuuliza msikiti uko upande gani.