Baiskeli Tatu za Kuazima

Walisema sitafika hata Muhutwe. Fundi cherehani wa mjini Bukoba, mtu wa asili ya pwani asiyeshindwa kwa ulimi, alisema lori langu litakwama kwenye tope na nitarudi kwa miguu na kamera kichwani. Baba yangu mdogo wa Buhembe, mzee wa kanisa la Kilutheri, alisema kwa upole zaidi: "Mwanangu, lori ni la kubeba kahawa. Watu hawalali ndani yake." Karani wa ghala la kahawa, niliyesoma naye madarasa ya mwanzo, alicheka tu. Siwawekei kinyongo, kwa sababu wote watatu ndio walioniazima baiskeli zao.

Enzi hizo Mwingereza alikuwa bado anatawala Tanganyika, nami nilikuwa nimerudi kutoka Kampala na diploma ya kupiga na kusafisha picha. Hakuna aliyenipeleka wala kunilipia. Nilianza kwa kufagia studio, nikaishia kusimama nyuma ya kamera, na mtihani niliufanya kwa Kiingereza nikafaulu. Niliporudi nilinunua lori bovu, nikalifufua, nikalijengea nyumba ya mbao za mvule na paa la bati. Ndani kulikuwa na kitanda cha mimi na mke wangu, stovu ya mafuta ya taa, na chumba kidogo cha giza cha kusafishia picha. Mpaka leo sijaona nyumba ya magurudumu iliyojengwa vizuri kama ile upande huu wa ziwa.

Nilikusudia kwenda Muleba na Ngenge, ambako studio haikuwepo. Lakini mtu wa wakati ule hakutaka picha ya uso wake peke yake. Alitaka asimame amevaa koti, mkono mmoja kwenye usukani wa baiskeli, na baiskeli yenyewe ing'ae. Ndugu watatu wakija pamoja, kila mmoja alitaka yake. Mimi sikuwa na hata moja, kwa kuwa kila nilichopata kilikwisha kwenye lori.

Fundi ndiye aliyeweka sharti, na wengine wakalifuata. "Hii ni mpya," alisema. "Ndiyo inayonipelekea nguo za wateja. Wiki mbili nitatembea kwa miguu kwa ajili yako. Ikirudi na doa moja la kutu, msomi, soko zima litajua diploma yako ni ya nini."

"Itarudi inang'aa kuliko leo," nilimjibu mbele ya wateja wake. Sikuwa na njia ya kurudi nyuma.

Ilikuwa majira ya mvua. Asubuhi ya safari nilizisafisha baiskeli zote, nikazisimamisha kati ya kitanda na ukuta, nikazifunika kwa turubai zito na kulifunga kwa kamba kila upande, hata upepo usipite. Mvua ilitunyeshea njia nzima. Madirisha tuliyafunga, tukawa tunapika ndani. Tulikwama mara mbili, tukajikwamua mara mbili, na siku ya tatu tukaegesha Muleba, kando ya kibanja, yaani shamba la migomba, cha mama mmoja mjane.

Nililifungua turubai nikiwa na furaha. Matone yalikuwa yananing'inia kwenye kila spoku. Kwenye ringi ya baiskeli ya fundi, ile mpya, vidoa vyekundu vilikuwa vimejipanga kama ulezi uliomwagika. Nilimsikia yule fundi masikioni, na soko zima likicheka nyuma yake.

Mwenye kibanja alikuwa amekuja kutukaribisha na kahawa ya kutafuna. Alichungulia mlangoni, akatia mkono chini ya turubai, akahisi lile joto na unyevu, akaanza kucheka hata punje zikamwanguka.

"Waitu! Umezivundika!"

"Nimezifunika, mama. Mvua ilikuwa kubwa."

"Hata mimi ndizi za pombe nazifunika. Natandika majani, naziba, zinapata joto, zinatoa jasho, zinaiva. Zako nazo zimeiva. Zikamue sasa tunywe lubisi!"

Mke wangu, ambaye nilitegemea angekuwa upande wangu, akaongeza: "Picha anazianika kwenye kamba, mama. Baiskeli ndizo anazozivundika."

Nilinuna kidogo, halafu nikacheka, maana ilikuwa kweli. Miaka yote Kampala nilikuwa nimeanika picha mbichi penye upepo, na sasa nilikuwa nimekifungia chuma ndani ya jasho lake chenyewe.

Mama yule alinipa majivu na malimau, nikavisugua vile vidoa kimoja kimoja mpaka saa sita mchana. Vilitoka vyote, ila mahali pamoja pa ringi pakabaki pamefifia kidogo. Nikapaka utando mwembamba wa mafuta ya nyonyo, ili vumbi lisigande. Kisha nikaigeukia nyumba. Nilikata uwazi chini ya paa kila upande, mahali ambapo bati lilizuia mvua lakini upepo ukapita. Nikapigilia kulabu kwenye boriti, nikazitundika baiskeli kwa gurudumu la mbele. Sakafuni nikatandika majani makavu ya mgomba yanywe maji ya matairi. Turubai nililitoa nje likawa kibanda cha kupikia. Majivu, malimau na majani yalikuwa ya mama, sikatai. Mengine yote yalitoka kichwani mwangu.

Tukashuka Ngenge. Watu walikuja wamevaa nguo za kanisani, na foleni ilikuwa ndefu kuliko ya zahanati. Bibi mmoja alikataa kushika usukani, akashika kengele na kuipiga bila kuacha.

"Acha kutikisika, bibi," nilimwomba.

"Nikiacha, picha itasikikaje?"

"Picha haisikiki, bibi."

"Na hiyo diploma wanayoisema ni ya kazi gani?"

Nilimpiga picha akiwa anacheka, na ile ndiyo picha bora niliyowahi kupiga. Mvua ikija, mke wangu alishika baiskeli moja na mimi mbili, tukakimbia. Hakuna iliyovuka mlango kabla ya kufutwa kwa lubugo, kile kitambaa chetu cha gome la mti, kuanzia madigadi hadi pedali. Kila asubuhi nilipitisha kidole kwenye kila spoku. Kidole kilitoka kikavu.

Tulirudi siku ya kumi na tatu. Buhembe, baba mdogo aliizunguka baiskeli yake mara mbili, akaniuliza kama ni ile ile. Karani aliipokea yake, na safari hii hakucheka.

Fundi aliigeuza yake juu chini barazani, mbele ya watu. Akazungusha gurudumu. Akasimamisha kidole pale palipofifia.

"Hapa?"

Nilimweleza yote: turubai, jasho, majivu. Ningeweza kusema palikuwa hivyo tangu mwanzo.

Aliisimamisha baiskeli. "Basi hiyo si kutu," aliwaambia watu. "Ni alama ya kusuguliwa." Akatundika kanzu ya mteja mkononi, akapanda, akapiga kengele, akashuka na barabara kuelekea ziwani. Nami nikasimama barazani kwake, sidaiwi na mtu hata spoku moja.