Gari Linalokunywa Kidogo

Kazi yangu ni kupima. Nimefundisha topografia katika shule ya ufundi hapa Bukavu kwa miaka kumi na minane, na wanafunzi wangu wanajua kwamba anayeniletea urefu wa ukuta kwa maneno "kama mita tatu hivi" anarudi kuupima upya, mvua inyeshe isinyeshe. Nalisema hili mapema ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyeamini kijiti.

Mama yangu aliishi Sange, kule chini kwenye uwanda wa Ruzizi, peke yake tangu baba alipofariki. Baba tulimzika nyuma ya nyumba, juu ya tuta la udongo ambalo sisi wanawe tulilijaza kwa toroli siku mbili nzima ili maji yasimfikie. Mama hakutaka kabisa kumwacha pale. Nilimleta kwetu Bukavu, mtaa wa Nguba, nikampa chumba kinachotazama ziwa. Alikaa siku tisa, akasema maji mengi namna ile hayamletei usingizi, akarudi kwenye mafuriko yake. Tukabaki na jambo moja tu: maji yakipanda, mimi nifike na nimtoe.

Sisi wa Bukavu tunadhani tunayajua maji. Tunaishi kwenye miteremko. Mvua ikinyesha, maji hupita mbio, hubeba ukuta wa huyu na nyumba ya yule pamoja na waliomo, na kukicha tunazika. Kule Sange maji hayana haraka. Huingia ndani polepole, yakakaa siku tatu au nne kati ya masufuria ya watu kama wageni wasioaga. Nilikuwa nashuka huko kwa basi dogo, na mwaka mmoja barabara ya mlima wa Ngomo ilipoharibika, basi halikupita wiki nzima. Mama alikaa wiki hiyo kwa jirani, mke wa katekista. Niliporudi kutoka kumwona nilimwambia mke wangu kwamba tunanunua gari la jipu, hata tukila majani ya sombe mwaka mzima.

Fundi wangu wa magari, mzee aliyeanza kazi kabla mimi sijaota ndevu, alinipeleka kwenye uwanja ambapo magari yaliyotumika husubiri wateja. Kulikuwa na moja lililochanganya petroli na umeme. Nililipenda kwa sababu linatumia mafuta machache mno. Fundi alinyanyua kiti cha nyuma, akanionyesha betri na tundu lake la kupumulia, akaniuliza kama nina mpango wa kuiogesha betri hiyo katika mto wa Sange. Tukaliacha. Hadi saa sita yalikuwa yamebaki mawili. La kwanza lilikuwa kubwa, la dizeli, na bomba lake la hewa lilikuwa limepandishwa hadi juu ya paa. La pili lilikuwa dogo, la petroli, lenye usukani upande wa kulia kama mengi ya hapa kwetu.

Fundi aliweka kidole mahali ambapo lile dogo huvutia hewa.

"Hapa njo pua yake," alisema. "Maji ikifika mu pua, gari inakufa. Haiko kama mutu, haitapike."

Tulipima. Lile dogo lingepita salama katika maji ya sentimita hamsini. Zaidi ya hapo, ni kubahatisha. Lile kubwa lingevuka hata maji ya kiuno bila kukohoa. Lakini lile kubwa lilikuwa na kiu. Kuipanda Ngomo peke yake lingekunywa mafuta ambayo lile dogo lingeyatumia kwenda na nusu ya kurudi. Kwa mshahara wa mwalimu, ambao huja ukipenda, lile kubwa lingenifikisha kwa mama mara mbili kwa mwaka, mara tatu nikijinyima. Lile dogo lingenifikisha kila mwezi, pengine zaidi.

Mtu mwingine angechagua palepale. Mimi ni mpimaji, kwa hiyo nilisema nitapima kwanza. Mwezi wa nane, nchi ikiwa kavu, nilishuka Sange, nikakata kijiti kirefu cha mkaratusi, nikakitia alama kwa kisu kila sentimita ishirini, nikakisimika mlangoni pa ua, mahali pa chini kuliko pote, ambapo gari lazima lipite. Nilimfundisha mama kuhesabu alama kutoka chini na kunipigia simu kila maji yanapokuja. Nikamweleza na sababu yake, maana sikuona ubaya: maji yakiishia alama ya pili, nanunua dogo, yakizidi, nanunua kubwa.

Mama alikuwa anachambua mchele. Aliniita papa, kama mama zetu wanavyowaita watoto wao wa kiume.

"Papa, ile kubwa utakuja nayo mara ngapi?"

Nilimjibu mara mbili kwa mwaka. Akaniuliza na ile ndogo. Nilimwambia kila mwezi. Aliendelea kuchambua mchele wake, na mimi nikaenda kukishindilia kijiti mawe.

Mvua zikaanza. Simu ya kwanza ilikuja mwezi wa kumi: alama ya pili. Wiki tatu baadaye: alama ya pili. Mwezi wa kumi na moja mvua ilikuwa ya kutisha, na bado mama alisoma mbili na kidogo, isiyofika zile hamsini. Nilifurahi. Nilichora hata mchoro na kuuonyesha darasani, bila kusema ni ua wa nani. Mwanamke mmoja anayeuza mchele wa Sange sokoni aliniambia kwamba kwao maji yalimfika kiunoni. Nilimwuliza kiuno cha nani, amesimama wapi, saa ngapi. Alimgeukia mteja mwingine. Nami nilijiambia kwamba watu hupenda kukuza mambo.

Nikanunua dogo. Wenzangu shuleni waliuliza kama nimenunua jipu au kiatu. Mama hakucheka hata kidogo. Siku nilipolifikisha kwake mara ya kwanza alilizunguka, akaliwekea mkono juu ya boneti na kuliombea, kisha akataka kujua limekunywa kiasi gani njiani. Nilipomwambia, alipiga makofi.

Nilikwenda mara saba. Kila mara nilimpigia siku moja kabla, ili asiende shamba. Kila mara nilikikuta kijiti mlangoni, kimesimama wima. Ukuta wa nyumba ulikuwa umekandikwa udongo mpya hadi kifuani, nami nikamsifu kwa usafi. Kitanda alikuwa amekiinua juu ya matofali. Alisema ni kwa ajili ya panya. Tulikula samaki na ugali wa muhogo, tukamtembelea baba pale tutani, nikarudi Bukavu na mchele nyuma ya gari. Katika miaka yote tangu baba afe sikuwa nimemwona mama akiongea namna ile. Nilijipongeza kwa kuchagua vizuri.

Siku ya Jumanne, mwezi wa nne, mke wa katekista alinipigia asubuhi. Mama anakohoa tangu Jumapili, hawezi kusimama, na maji yako ndani ya nyumba. Nilimpigia mama mwenyewe. Sauti yake ilikuwa imepungua sana. Nilimwuliza kijiti kinasema nini.

"Mbili," alisema. "Lakini usikuje leo, papa. Kuja kesho."

Sikujiuliza mtu asiyeweza kusimama amekisoma vipi kijiti kilicho mlangoni pa ua. Nilijua kwamba mbili ni sentimita arobaini, na gari langu linaweza hamsini. Nilishuka Ngomo kama mwendawazimu, nikapita Kamanyola na Luvungi bila kusimama, na kabla ya saa saba nilikuwa nimeacha barabara kuu na kuingia njia ya kwetu.

Maji yalikuwa ya kahawia, yametulia, huwezi kuona chini. Nguzo za mlango wa ua niliziona, kijiti sikukiona. Nilidhani kimechukuliwa. Nikaingia kama fundi alivyonifundisha, gia ya kwanza, mwendo mmoja, bila kuachia mafuta. Nilikuwa nimebakiza hatua kama thelathini kufika mlangoni maji yalipopanda juu ya boneti. Injini iligonga mara moja, kwa nguvu, ikanyamaza. Nilijaribu kuiwasha, jambo ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua halifanywi.

Nilitoka kwa dirisha. Maji yalinifika kiunoni, na nilimkumbuka yule mwuza mchele wa sokoni. Nilipozunguka nyumba kuutafuta mlango wa nyuma, nilikiona kijiti changu. Kilikuwa kimesimikwa juu ya tuta, pembeni ya kaburi la baba, kimeshindiliwa mawe vizuri kama nilivyofanya mimi. Maji yalikuwa kwenye alama ya pili.

Mama alikuwa kitandani, juu ya matofali yake, mlango wa nyuma uko wazi mbele yake. Kutoka pale alikiona kijiti vizuri. Namwomba Mungu anisamehe, kwa sababu neno langu la kwanza kwa mama yangu mgonjwa lilikuwa la hasira.

"Mama, nani alihamisha kijiti?"

"Ni mimi," alisema. "Ukisema unakuja, nakirudisha. Leo sikuweza."

Nilimwambia amenidanganya. Hilo lilimwumiza, alijaribu kuinuka.

"Sikusema bongo, sikudanganya. Uliniambia nisome, nikasoma." Alikohoa kwa muda mrefu, nami nikamshika mgongo. "Ile kubwa ingekuja mara mbili mu mwaka. Hii ilikuja mara saba. Nilihesabu. Leo njo ya nane."

Siku ile hakuna pikipiki iliyoweza kuvuka, na gari langu lilikuwa limekaa kwenye maji, injini imekufa. Lile kubwa lingemfikisha hospitali kabla ya jioni. Nalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Nilikaa naye juu ya kitanda, miguu yetu tumeikunja kwa sababu ya maji, na kwa saa nyingi tulisali rozari, yeye akianza na mimi nikimaliza. Kesho yake maji yalipopungua, wanaume wanne wa jirani walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, hadi barabarani, na lori la mchele likatupandisha Bukavu. Alifariki Ijumaa.

Tulimzika pale tutani, upande wa kushoto wa baba. Ilibidi kuongeza udongo. Watu walipoondoka, nilipanda Bukavu, nikarudi Sange na chombo cha kupimia cha shule, nikapima tofauti ya kimo kati ya mlango wa ua na chini ya kijiti. Sentimita arobaini na tatu. Niliandika katika daftari langu kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Kijiti nilikiacha.

Fundi alitafuta injini nyingine iliyotumika, akalifufua jipu. Linakaa mbele ya nyumba yetu Nguba, na nalitumia kwenda shule na kurudi tu. Watu wanaotafuta gari huja kuniuliza kama ni kweli linakunywa kidogo. Nawaambia ni kweli. Nililijaza mafuta baada ya mazishi, miezi miwili sasa inakwisha, na mshale umeshuka kidogo tu.